Chuma cha kwanza kiwe cha mwisho

Huku kusini mzee akianguka na kushindwa kunyanyua mguu, watu husema amevunjika kiuno. Mara nyingi kiuno ni kizima. Kilichokatika ni fupa la paja kule juu, linapoingia kwenye nyonga, na mara nyingi dalili zake huonekana kwa macho tu: mguu mmoja umekuwa mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia nje. Wala hakuanguka kutoka juu ya mnazi. Aliteleza chooni, au alijikwaa kwenye mzizi akiokota korosho, au aliamka usiku akageuka ghafla gizani. Kwa mifupa ya mtu wa miaka 75, kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe kunatosha.

Mimi ni muuguzi. Sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanyia wodi ya mifupa, Lindi kwanza kisha Mtwara, na swali ninaloulizwa na ndugu wa wagonjwa kuliko yote ni hili, kuhusu chuma kinachowekwa mfupani kwa upasuaji: "Sista, chuma gani kizuri?" Wanaouliza wameshapiga simu Dar. Wameambiwa kuna chuma cha India na cha Ujerumani, kuna cha zamani na cha kisasa, na aliyewaambia ana jirani aliyewekewa akawa anatembea baada ya wiki. Swali lenyewe si baya, ila limetangulia zamu yake. Kabla ya chuma kuna mfupa, na mfupa huo umevunjika wapi?

Huwa nawaeleza pale pale koridoni, picha ya eksirei nimeielekeza dirishani. Fupa la paja lina kichwa cha mviringo kinachokaa ndani ya kikombe cha nyonga. Chini ya kichwa kuna shingo nyembamba, na chini ya shingo mfupa unapanuka na kutoa nundu mbili ambako misuli mikubwa hujishikiza. Kichwa na sehemu kubwa ya shingo vimo ndani ya mfuko wa kiungo. Nundu ziko nje. Damu inayolisha kichwa, kwa sehemu kubwa, hupanda kutoka chini kupitia mishipa midogo inayoambaa juu ya shingo. Shingo ikikatika na vipande vikaachana, mishipa hiyo hukatika pia. Kichwa hubaki kwenye kikombe chake, ukikitazama ni kizima, kumbe hakina chakula. Nundu zikivunjika mambo ni mengine: damu ipo tele, mfupa una kila sababu ya kuunga, taabu ni misuli inayovuta kila kipande upande wake.

Kwa hiyo tunazungumzia maradhi mawili tofauti, ingawa nyumbani yote yanaitwa kiuno. Moja linauliza kama kichwa kitaishi. La pili linauliza kama vipande vitatulia. Mtu anayesifia chuma bila kujua mgonjwa wako ana lipi kati ya haya anakupotezea muda.

Tuanze na shingo. Daktari wa Uingereza, Robert Garden, mwaka 1961 aliigawa mivunjiko ya shingo katika hatua nne. Wodini tunazipunguza kuwa mbili: haijahama, na imehama. Isipohama, kichwa huachwa na kushikizwa. Njia zinazotumika sana ni mbili. Kuna skrubu nyembamba, mara nyingi tatu, zinazopitishwa kwenye mchano mdogo wa ngozi. Na kuna skrubu moja nene inayoteleza ndani ya bamba la chuma lililofungwa ubavuni mwa paja, ili mfupa ukijibana wakati wa kuunga, chuma nacho kiufuate. Utafiti ulioitwa FAITH, uliochapishwa mwaka 2017, ulizilinganisha njia hizi kwa wagonjwa zaidi ya 1,000 wa miaka 50 na kuendelea, wengi wao shingo haijahama. Ndani ya miezi 24, waliorudishwa kufanyiwa upasuaji mwingine walikuwa 20 kwa kila 100 upande wa skrubu inayoteleza, na 22 kwa kila 100 upande wa skrubu nyembamba. Sare.

Ila sare hiyo naomba uitazame tena. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano alirudi mezani.

Kwa mgonjwa wa Ulaya kurudi mezani ni usumbufu, maumivu, pengine wiki kadhaa za kero. Gari la wagonjwa linamchukua, bima inalipa, anarudi kwenye kitanda cha hospitali ile ile. Sasa mchukue bibi wa Kitangari au wa Nanjilinji. Upasuaji wa kwanza umelipiwa kwa malipo ya korosho, na malipo ya korosho huja kwa msimu. Skrubu ikilegea mwezi wa tatu, ghala ni tupu na mfuko ni mtupu. Kuitoa na kuweka nyonga ya bandia ni kazi nzito kuliko ile ya kwanza, na mara nyingi jibu ni "mpelekeni Muhimbili". Kutoka Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Kilwa, hata mzima hakupita, sembuse mgonjwa wa kulazwa kwenye kiti cha nyuma. Hivyo takwimu inayoandikwa "amerudiwa upasuaji" kule, huku kwetu mara nyingi ingesomeka "amebaki nyumbani na skrubu yake".

Msimamo wangu juu ya vyuma vyote umetoka hapo. Sizitazami njia hizi kwa kuuliza ipi ni nzuri kwa jumla. Nauliza ipi haitahitaji ya pili.

Shingo ikihama ndipo swali hili linapouma. Ndugu wengi hupenda kichwa cha mzee wao kibaki. Naelewa, hakuna anayefurahia kusikia mfupa wa mama yake unatolewa na kutupwa. Skrubu pia ni upasuaji mfupi, damu inayopotea ni kidogo, na mara nyingine ni nafuu kwa bei. Lakini kwa wazee ambao shingo imehama, miongo ya tafiti imerudia jambo lile lile: ukishikiza kwa skrubu, mmoja kati ya watatu hivi atahitaji upasuaji mwingine, kwa kuwa mfupa umegoma kuunga au kichwa kimekufa na kubomoka. Ukiweka kichwa cha bandia, wanaorudi ni wachache zaidi kwa mbali. Kwa kijana wa miaka 40 aliyeanguka na bodaboda, daktari atapigania kichwa chake hadi mwisho, na ni sawa. Kwa bibi wa miaka 78 ninaposikia "tuanze na skrubu, ikishindikana tutaona", moyo wangu hugoma. Nani ataona, lini, na kwa hela ya nani?

Basi kichwa cha bandia. Hapo tena kuna nusu na nzima. Nusu ni kubadili kichwa na shingo tu na kukiacha kikombe cha mgonjwa mwenyewe; nzima ni kubadili na kikombe. Ndugu mwenye uwezo akisikia "nusu" hudhani anapunjwa. Utafiti wa HEALTH wa mwaka 2019 uliwafuatilia wagonjwa 1,495 waliokuwa wakitembea wenyewe kabla ya kuvunjika. Baada ya miaka miwili, waliohitaji upasuaji mwingine walikuwa 7.9 kwa kila 100 kwa nyonga nzima na 8.3 kwa nusu. Waliopewa nzima walikuwa na nafuu ndogo katika maumivu na utendaji, lakini nyonga kuyumba au kuchomoka kulitokea kwa 4.7 kati ya kila 100, dhidi ya 2.4 kwa nusu. Kwa mzee bado mchangamfu, anayelima na kwenda mnadani, nzima ina hoja zake kama yupo mpasuaji aliyeizoea. Kwa wengi ninaowapokea, nusu inatosha kabisa, tena inachukua muda mfupi mezani.

Jambo ambalo huku kwetu lina uzito kuliko nusu na nzima ni saruji. Mtu wa Mtwara ukimtajia saruji anawaza kiwanda cha Dangote, na nimewahi kuulizwa kama ni ile ile. Siyo. Hii ni aina ya plastiki inayochanganywa pale pale mezani, ikatiwa ndani ya mfupa ikiwa laini kisha ikagandamana na kujaza nafasi kati ya mfupa na shina la chuma lililoingizwa ndani yake. Bila saruji, chuma hugongwa kwa nguvu ili kibane chenyewe, na mfupa wa mzee uliolegea unaweza kupasuka wakati ule ule au siku akijikwaa tena. Waingereza walilinganisha njia hizo kwa wagonjwa 1,225 na kuchapisha mwaka 2022: waliotiwa saruji walikuwa na hali bora ya maisha miezi minne baadaye, na mfupa kupasuka kuzunguka chuma kulikuwa 0.5 kwa kila 100, dhidi ya 2.1 kwa wasiotiwa. Saruji ina hatari yake. Inapoingizwa, presha ya mgonjwa inaweza kushuka ghafla, kwa hiyo mtu wa ganzi lazima aambiwe kabla na awe macho. Ila hatari hiyo ni ya nadra na inajulikana dakika yake.

Kuhusu chuma cha zamani na cha kisasa, nitasema kitu ambacho wauza vifaa hawatakipenda. Vyuma vya nusu nyonga vya Austin Moore na Thompson, ambavyo bado viko kwenye makabati mengi ya Afrika, ni vya miaka ya 1950. Uingereza walishauriana kuviacha. Lakini walipojaribu cha Thompson kilichotiwa saruji dhidi ya cha kisasa kilichotiwa saruji, matokeo yaliyotoka mwaka 2020 hayakuonyesha tofauti ya maana katika hali ya wagonjwa. Mimi nikipewa kuchagua kati ya chuma cha zamani chenye saruji na cha kisasa kisicho na saruji, sihitaji kulala nikifikiri. Na tena: kuweka nusu nyonga hakuhitaji ile eksirei ya ndani ya chumba cha upasuaji, yenye mkono wa nusu duara, inayomwonyesha daktari mfupa wakati anafanya kazi. Skrubu zinaihitaji. Mashine hiyo ikiharibika, na huharibika, nusu nyonga bado inaweza kufanyika mkoani.

Sasa nundu. Mvunjiko wa eneo hili huachiwa kichwa chake, kwa kuwa damu ipo. Ushindani ni kati ya skrubu inayoteleza na bamba lake, ambayo nimeshaieleza, na msumari mrefu unaoingizwa ndani ya uwazi wa mfupa kutoka juu, ukiwa na skrubu inayochomoza kuelekea kichwani. Msumari ni ghali zaidi, na ndio unaosifiwa sana siku hizi. Utafiti wa kimataifa wa wagonjwa 850, uliochapishwa mwaka 2023, haukukuta tofauti ya hali ya maisha kati ya makundi hayo mawili mwaka mmoja baada ya upasuaji. Kwa mvunjiko wa kawaida wa nundu, ulio tulivu, kuuza shamba ili upate msumari ni hasara. Lakini kuna mivunjiko ambayo bamba haliiwezi: mstari wa ufa ukielekea kinyume, kutoka ndani juu kwenda nje chini, au ukishuka chini ya nundu kabisa. Kule bamba linabaki peke yake likibeba mzigo wote, linachoka, linakatika. Hapo msumari si anasa. Muulize daktari wazi: mvunjiko huu ni tulivu au si tulivu? Akisema si tulivu, tafuteni hela ya msumari au tafuteni hospitali iliyo nao.

Wapo wanaoujua msumari wa SIGN, ulioanzishwa na Lewis Zirkle wa Marekani mwaka 1999 kwa ajili ya hospitali zisizo na eksirei ya chumbani, ambao hospitali hupewa kwa ajili ya maskini. Umesaidia miguu mingi Tanzania. Kazi yake kubwa ni mivunjiko ya katikati ya mfupa. Usidhani kila penye msumari huo pana na uwezo wa nyonga.

Lipo jambo moja linaloshinda bei ya chuma kwenye nundu, nalo ni mahali ncha ya skrubu ilipoishia. Mwaka 1995 daktari Baumgaertner wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba ukipima kwenye picha mbili, ya mbele na ya ubavu, umbali kutoka ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa, na jumla isizidi milimita 25, skrubu haichomoki. Ikizidi, hatari inapanda. Mfupa wa mzee ndani ya kichwa ni kama shina la mpapai: pembeni skrubu haishiki kitu, inakata na kutoka. Skrubu ya bei ya chini iliyoketi katikati na ndani vizuri itadumu kuliko ya bei kali iliyokaa kombo. Kwa hiyo mkono wa daktari kwanza, chapa baadaye.

Lakini huku kwetu mpinzani wa vyuma vyote hivi ni kitanda. Mzee analazwa, mguu unavutwa kwa kamba na mfuko wa mchanga, anasubiri. Anasubiri chuma, anasubiri damu, anasubiri mjomba. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao wengi, mama hafanyiwi upasuaji mpaka mjomba aseme, na mjomba yuko Liwale, simu haipatikani. Siidharau mila hiyo. Mjomba akishafika ndiye atakayechangisha ukoo mzima. Ila mgonjwa aliyelala chali haongojeshwi bure. Siku ya tatu ngozi ya nyuma ya kiuno imeshabadilika rangi. Kisha mapafu, kisha damu kuganda mguuni. Hata katika nchi zenye kila kitu, kati ya wazee 20 na 30 kwa kila 100 waliovunjika nyonga hufariki ndani ya mwaka.

Utafiti wa HIP ATTACK wa mwaka 2020 ulijaribu kuwapasua wagonjwa ndani ya saa 6 baada ya kugunduliwa, ukawalinganisha na wa saa 24. Vifo havikupishana kwa maana: 9 na 10 kwa kila 100. Wa haraka walichanganyikiwa akili kidogo zaidi ya wenzao? La, walichanganyikiwa wachache zaidi, na walisimama mapema. Naisoma hivi: saa chache hazitaamua maisha ya mama yako, kwa hiyo usikimbize gari usiku kwenye mashimo. Wiki mbili ni habari nyingine. Mjomba apigiwe simu siku ile ile ya kuanguka, kabla hata ya eksirei. Na fundi wa kuunga mifupa, ambaye mkono wa mtoto anaweza kuufunga ukaunga vizuri, hapa hana pa kushika: mfupa uko ndani mno na misuli ya paja ina nguvu kuliko vijiti.

Wapo wasiopasuliwa. Mzee ambaye tayari alikuwa hatoki kitandani, moyo umechoka, siku zake zinahesabika, anaweza kupewa dawa za maumivu na kugeuzwa kwa upole hadi mwisho. Uholanzi wamelifanyia utafiti jambo hilo kwa wazee dhaifu wa nyumba za kutunzia wazee, na familia zilizochagua hivyo baada ya kuelezwa vizuri hazikujuta kwa jumla. Uamuzi huo ni halali. Usio halali ni mzee aliyekuwa anatembea mpaka juzi kuachwa alale kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.

Ganzi nitaipita haraka. Sindano ya mgongo na nusukaputi zililinganishwa kwa wagonjwa 1,600 mwaka 2021. Baada ya siku 60 uwezo wa kutembea na vifo vilikuwa karibu sawa. Kubalini ile ambayo mtaalamu aliyepo anaifanya kila siku. Hela nayo: sera ya wazee ya mwaka 2003 inasema wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bure, na kitanda na dawa hupatikana. Kinachokwama mara nyingi ni chuma chenyewe. Nendeni ustawi wa jamii wa hospitali siku ya kwanza, msisubiri mpaka mmeshauza mikorosho.

Kesho yake baada ya upasuaji, mgonjwa asimame. Chuma chochote kati ya nilivyotaja, kikiwekwa vizuri, kinaruhusu kukanyaga. Ndugu hushtuka, hutukaripia: "Sista, mnamtesa bibi yetu!" Bibi mwenyewe husimama akilia, kesho kutwa analia kidogo zaidi kwa hasira kuliko maumivu, na siku ya nne anaomba kwenda chooni mwenyewe.

Na choo ndicho kinachotofautisha vyuma nyumbani. Aliyewekewa skrubu au msumari ana kichwa chake, akipona atachuchumaa kadiri maumivu yanavyomruhusu. Aliyewekewa nyonga ya bandia, hasa kama daktari alipitia nyuma, akikunja nyonga sana huku goti limeingia ndani, kichwa kinaweza kuchomoka. Maana yake miezi ya mwanzo hakuna choo cha kuchuchumaa, hakuna kigoda, hakuna kukaa mkekani miguu imekunjwa, na hakuna mbuzi ya kukunia nazi, ambayo iko chini kuliko vyote na ndiyo wanawake wa pwani huikimbilia kwanza kuonyesha wamepona. Swala asali kwenye kiti. Sheikh wa msikiti wenu atamthibitishia. Alale na mto kati ya magoti.

Kiti cha choo seremala yeyote anakijua: mbao imara, tundu katikati, miguu iliyotanuka isiyoyumba juu ya shimo, kimo cha goti la mgonjwa au juu kidogo, na pa kushikia pande zote mbili. Apimwe goti akiwa bado wodini, na kiti kiwe kimeshafika nyumbani kabla yake, maana haja haitangoji fundi amalize kupiga randa.